Msichana wa Kithai Aliyeuawa Nizwa

Mjomba wangu alimuua msichana wa Kithai katika sehemu ya kumi na mbili ya tamthilia, saa kumi na moja za jioni, sebuleni kwetu Nizwa, huku akitafuna tende. Nasema alimuua yeye kwa sababu waliotunga hadithi hawakumuua. Msichana yule aliishi mpaka sehemu ya arubaini, ambayo ndiyo ya mwisho. Aliyemuua ni Mjomba, kwa mdomo wake, na mimi sikuligundua hilo mpaka goti lake lilipomshinda akapelekwa Maskati kupasuliwa.

Nieleze kwanza nyumba yetu ilivyo, la sivyo mtu ataniona nimerukwa na akili, kumkasirikia mzee wa miaka themanini kwa ajili ya mchezo wa televisheni.

Mama yangu ana miaka sabini na kitu. Alizaliwa Unguja mjini, akaja Omani akiwa msichana mkubwa, katika ile miaka ya baada ya mapinduzi ambapo watu wetu walikuwa wakiondoka leo hawa, kesho wale. Kiarabu anakijua cha sokoni na cha kusalimiana. Kurani anaisoma tangu ana miaka sita, lakini maandishi yanayopita chini ya skrini hayana irabu na yanakwenda mbio. Juu ya hayo, macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, na kila nikimtajia daktari hukumbuka ghafla kwamba ana kitu jikoni kinaungua. Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya wasichana, mtoto wake pekee. Mume wangu anafanya kazi Sur na hurudi Alhamisi, kwa hiyo siku nyingi tumo ndani wanawake watatu: Mama, mimi, na dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Dada huyu ametoka Unguja, Jang'ombe. Ni rika langu na amewaacha wanawe kwa mama yake.

Mjomba ndiye kaka mkubwa wa Mama. Anakaa Manah kwenye mitende yake, mjane, na kila siku baada ya sala ya alasiri alikuwa akiendesha gari mpaka kwetu kunywa kahawa. Kikombe chake kilikuwa mbali na vyetu, chenye ukingo wa kijani, na hakuna mwingine aliyekigusa. Alikuja kunywa kahawa na kusoma. Katika ukoo wetu neno kusoma lilimaanisha yeye. Walipofika nchi hii yeye pekee ndiye aliyejua Kiarabu cha karatasi, akawasomea wenziwe vyeti, hati na matangazo. Barua za kutoka Unguja nazo zilifika kwenye sanduku lake la posta. Hizo zilikuwa za Kiswahili na Mama angeweza kuzisoma mwenyewe, maana alisoma mpaka darasa la nane. Lakini Mjomba alikuwa akija nazo, anavaa miwani, anasoma kwa sauti, kisha anakunja na kutia mfukoni. Hakuna aliyesema hebu nione. Mtu hampokonyi kaka yake mkubwa karatasi mkononi. Ndivyo walivyolelewa, ndivyo na sisi walivyotulea.

Basi televisheni ilipoanza kuonyesha tamthilia za Kithai zenye maandishi ya Kiarabu, kazi ilikuwa ya Mjomba. Anakaa karibu na skrini, fimbo katikati ya magoti, Mama pembeni yake na kanga yake ya kusalia begani. Kanga hiyo Mjomba ndiye aliyemletea kutoka Unguja, safari aliyokwenda nilipokuwa chuoni. Imepauka hata maneno yake hayasomeki, na Mama hataki nyingine.

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya zamani za huko kwao, jumba la mbao kando ya mfereji, watu wakubwa wa nchi na vitambaa vyao vya hariri. Humo ndani mna dada wawili na kaka yao. Mara askari wanaichukua nchi kutoka kwa wakubwa, na yule mdogo wa wale dada anampenda kijana aliye upande wa serikali mpya. Mama aliipenda kwa sababu ya mvua, na kwa sababu wanawake wake walikuwa wakitunga maua ya asumini kwenye uzi. Macho yake yaliona weupe tu unaoning'inia mikononi, akajua ni nini bila kuambiwa. Alisema, "Wale kama sie. Wanafuma vikuba."

Mimi jioni huwa nasahihisha madaftari, kwa hiyo nilisikiliza kwa sikio moja. Nakumbuka siku mabunduki yalipolia, Mjomba alisema ni fataki za harusi. Sehemu tatu nzima mabunduki yanalia. Mama akauliza, "Harusi gani hii haishi?" Mjomba akamjibu, "Ndo mila zao." Nilicheka hata nikadondosha kalamu. Niliona ni huruma ya mzee kwa dada yake, hataki kumkumbusha yaliyowakuta. Nilimpenda kwa hilo, na sasa nikikumbuka nilivyompenda siku ile nasikia uso unanichoma.

Goti likamkatalia tukiwa sehemu ya kumi na tisa. Akapasuliwa, akabaki Maskati kwa mwanawe kufanya mazoezi ya mguu, wiki nne. Mama akaniambia, "Na mchezo wangu je?" Nikaweka madaftari chini, nikachukua kiti cha Mjomba.

Jioni ya kwanza tu nikafika mahali yule mdogo anapopika wali nyumbani kwa mumewe. Nikasoma alivyosema, kwamba chumvi imezidi. Mama akageuka.

"Nani huyo?"

"Yule mdogo mtu."

"Mdogo mtu si alikufa? Kaka kanambia kafa. Homa ilimchukua, wakamchoma moto kwa dini yao. Mie n'shamlilia."

Nikamwambia labda ni ndoto ya dada yake. Hata mimi nilidanganya siku ya kwanza kazini, tena sikuona taabu.

Jikoni nilimkuta dada wa Jang'ombe anaosha vikombe. Nikamuuliza kama anaujua ule mchezo.

"Naujua, Mwalimu. Mie nauangalia kwenye simu, uliotafsiriwa Kiswahili. Niko mbele yenu sehemu nane."

"Yule mdogo mtu alikufa?"

"Hakufa. Kaka yake ndo aliyetangaza kafa, kwa sababu kaolewa na adui yao. Wakachoma jeneza tupu, watu wakalia, na mwenyewe yuko mtaa wa pili anafua nguo."

"Kwa hiyo ulijua Mjomba anatudanganya."

"Tangu fataki," alisema. Akafunga bomba, akaniangalia usoni. "Sasa mie ningesema nini? Yule mzee wa nyumba, mie mtu wa kazi. N'seme leo, kesho niko uwanja wa ndege."

Alisema kweli, na iliniudhi kwamba alisema kweli. Nikampigia Mjomba simu.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, ya binti. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Mjomba, yule msichana hakufa."

"Msichana gani?"

"Wa kwenye mchezo. Mbona ulimwambia Mama kafa?"

Nilitegemea acheke. Angecheka tu, mambo yangeishia pale, na pengine mpaka leo nisingelijua lolote. Lakini alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kashakufa huyo. Mama yako kashamlilia. Usimfufue. Khalas." Akakata simu.

Mtu hakati simu kwa ajili ya mchezo. Nilikaa kitandani na simu mkononi, na kitu kilichonijia kichwani kilikuwa jina langu mwenyewe.

Kwetu jina la mtu wa nyumbani halipewi mtoto mwenyewe akiwa hai. Wako wanaowapa watoto majina ya bibi zao wazima wanaokula na kutembea; sisi hapana, husemwa ni kumharakisha mwenye jina. Mimi jina langu ni la mdogo wake Mama, aliyebaki Unguja akafa. Nimekua na jina hilo kama mtu anavyokua na kovu la ndui, lipo tu, huulizi. Jioni ile niliuliza.

Mama alisimulia akiwa ameegemea mto, bila haraka. Mdogo wake alimpenda mwalimu wa skuli, kijana wa mitaa ya Ng'ambo, mtoto wa mchukuzi wa bandarini, mfuasi wa serikali mpya. Babu akakataa. Yeye akenda kwa kadhi akaolewa. Haikupita miezi sita familia ikaondoka, na hakuna aliyemuaga isipokuwa Mama, kwa mlango wa uani, dakika mbili. "Alinivika kikuba," Mama alisema. "Kilinyauka njiani."

Mwaka uliofuata, hapa hapa Nizwa, Mjomba akaja na barua. Akavaa miwani akasoma: amekufa kwenye uzazi, yeye na mtoto. Wakalia, wakasoma khitma, majirani wakaleta vyakula. Baadaye nikazaliwa mimi.

"Mama, barua ile uliiona?"

"Niliisikia," alisema.

Alisema hivyo bila wasiwasi wowote. Kisha nikaona uso wake unabadilika polepole, kwa sababu na yeye alijisikia alichokisema.

Nilimwomba dada wa Jang'ombe ampigie mama yake Unguja. Nilimpa jina la mwalimu wa skuli na mtaa. Unguja haina mahali pa kumficha mtu. Siku ya pili nilikuwa na namba ya simu. Nikapiga kutoka maabara ya shule wakati wa mapumziko, mlango nimeufunga kwa ndani, harufu ya asidi imenijaa puani. Akapokea mwanamke. Nikamwamkia, nikataja jina langu.

Akasema, "Hilo jina la mama yangu."

"Najua. Nimepewa la kwake. Mama yangu ni dada yake, yuko Omani." Nikamtajia jina la Mama.

Nilimsikia anavuta kiti. "Hilo," alisema, "jina langu mie."

Sikuhitaji kuelezwa. Nimefundisha kemia miaka ishirini, najua kupiga hesabu ya pande mbili. Kama mtoto wa mama mdogo amepewa jina la Mama, basi na kule Unguja kuna mtu alikwenda akasema Mama amekufa. Binamu yangu akanieleza yaliyobaki, anasema na kulia, anasema na kulia. Barua ilifika ya mkono wa Mjomba: dada yako kafa kwa homa Maskati. Mama mdogo akamsomea khitma. Akajifungua salama, mtoto wa kike, akampa jina la dada yake. Akazaa wengine wanne. Akamsomea dada yake khitma kila mwaka, hakukosa. Na Mjomba mwenyewe alikuja mara mbili, akakaa kibarazani kwao, akanywa chai.

"Mara ya pili," binamu alisema, "Mama alimpa jozi ya kanga. Akamwambia mpe maskini mmoja wa huko, sadaka ya dada yangu."

Nilimuuliza mama mdogo yuko wapi niseme naye. Akasema alifariki mwaka jana, mwezi wa Shaabani.

Kama mtu angenitungia haya kwenye tamthilia ningebadilisha chaneli. Mimi mwenyewe nimekwenda Unguja mara tatu. Nimelala hoteli ya ufukweni na mume wangu, nimekula mishikaki Forodhani na kupiga picha milango, na mama mdogo yuko umbali wa kutembea kwa miguu, amekaa na tasbihi anamwombea maiti ambaye yuko Nizwa anapika mkate wa kumimina. Sikuuliza. Wala Mama hakutaka kwenda, nilipomshawishi alinijibu, "Nende kwa nani?" Na huyu mzee alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti chake, anasikia, anaomba aongezewe kahawa. Hilo ndilo linalonikaba mpaka leo, ile kahawa. Aliweza kuinywa.

Nilimwambia Mama siku ile ile. Wengine wangengoja, wangetafuta shehe, wangemwekea mtu wa kumshika. Nilikuwa nimechoka na watu wanaochagua Mama asikie nini. Alikuwa juu ya msala, ametoka kusali, na ile kanga kichwani. Nilimweleza yote kwa mfululizo, na la kanga nikaliweka mwisho.

Aliivua. Akaitandaza mapajani, akaipapasa kwa vidole kama anayetafuta tundu.

"Alizaa wangapi?"

"Watano."

"Yule wa kwanza?"

"Mzima. Ndiye mwenye jina lako."

"Shaabani ya mwaka jana," alisema. "Shaabani ya mwaka jana mie n'lifunga siku sita. N'likuwa nafanya nini na siku zile nyingine?" Halafu alianza kulia, na hakulia kama vikongwe wanavyolia. Alilia kwa ghadhabu, anapiga zulia kwa kiganja, anamwita kaka yake kwa maneno ambayo sikujua anayajua. Alipotulia alimwita dada wa Jang'ombe akamwambia akachukue kile kikombe chenye ukingo wa kijani akakitupe nje. Kikatupwa. La kuvunda halina ubani, alisema, na kaka yake akija, mlango asiufungue mtu.

Alhamisi tukasoma khitma. Wakaja wanawake wa Kizanzibari wa Nizwa na wengine kutoka Bahla, juzuu zikagawiwa, wakauliza marehemu nani. Mama akawajibu, "Mdogo wangu. Yule yule." Wale wakubwa waliokuwapo kwenye khitma ya kwanza wakatazamana. Hakuna aliyeuliza tena.

Na mchezo hatukuuacha. Nilidhani Mama hatataka kuusikia, lakini saa ilipofika alikaa mahali pake. "Soma. Anza pale alipomuua." Nikautafuta kwenye simu, nikamrudishia toka sehemu ya kumi na mbili. Safari hii bunduki ilikuwa bunduki na jeneza lilikuwa tupu. Kila siku sehemu mbili, tatu, ili tuwahi mwisho pamoja na televisheni. Mama alisikiliza amekaza taya. Kwa yule dada mkubwa alinong'ona, "Uliza, mjinga we. Uliza kaburi liko wapi." Sauti yangu ilikauka kila jioni, na niliipenda ile kazi kwa namna isiyo nzuri. Kila neno nililolisoma nilikuwa namsomea Mjomba mashtaka.

Siku ya sehemu ya arubaini, teksi ikasimama nje. Nikasikia fimbo kwenye ngazi.

"Hodi."

Nyumba yetu haijawahi kumnyima mtu karibu. Mama hakugeuza kichwa.

"Nani?"

"Mjomba," nilimjibu.

"Mwambie maiti hanywi kahawa."

Nikaenda mpaka kwenye mlango wa wavu, sikuufungua. Alikuwa amekonda Maskati, kanzu yake ya dishdasha imemzidi, na mkononi ana bakuli la halwa. Alijua tunajua, wanawake wa Bahla wana simu. Hakujitetea kama nilivyotaka ajitetee.

"Baba ndiye aliyenituma," alisema. "Alisema bora walie siku arubaini waseme basi, kuliko kuaibika kila siku. Mie n'likuwa kijana."

"Na Mama? Kumuua Mama kule Unguja, nalo Babu alikutuma?"

"Mdogo wake angelimwandikia," alisema. "Ningemwacha aandike?"

"Babu amekufa mimi niko darasa la pili, Mjomba. Miaka yote hiyo ulikuwa unamwogopa nani?"

Akaketi kwenye benchi tunapovulia viatu, mguu mbovu ameunyoosha, halwa mapajani. Teksi imeshaondoka. Nikarudi ndani nikamwambia Mama kwamba amekaa nje na haondoki.

"Soma," alisema Mama.

Nikasoma, kwa sauti ya juu, nikielekea mlangoni ili asikie kila herufi. Dada wa Jang'ombe akaja na sinia la kahawa akasimama karibu na pazia. Kwenye skrini ilikuwa miaka mingi baadaye, mvua inanyesha. Yule kaka, mzee sasa, anafika kwenye lango la yule dada aliyemzika. Anapiga magoti kwenye tope, mikononi ana shada la asumini. Yule dada anatoka, anasimama.

Mama aliinuka kidogo kitini. "Kafika?"

"Kafika. Kapiga magoti."

"Na yeye? Kafanya nini? Kamfungulia?"

Niliuona mkono wake. Ulikuwa umeshika mkono wa kiti, ule mshiko wa mtu anayetaka kusimama. Uso wake, ambao wiki zote hizo ulikuwa umekazwa, ulikuwa umelegea, umeelekea mlangoni na sio kwenye televisheni. Huyo ni kaka yake, aliyembeba mgongoni utotoni, ndugu pekee aliyebaki naye. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwonyesha njia, hata kama ni Mthai asiyekuwako. Nililiona hilo waziwazi. Siwezi kusema sikuliona.

Kwenye skrini yule dada alifungua lango. Alimwinua kaka yake kwenye tope, akampangusa uso kwa ncha ya kitambaa chake, akalipokea shada. Maandishi yakapita chini, meupe, mafupi: Ingia, umelowa.

"Hakumfungulia, Mama," nilisema. "Amefunga lango."

"Kasemaje?"

"Amesema, wewe kwangu ulishakufa."

Sinia likagonga pazia. Dada wa Jang'ombe alikuwa ameshaiona sehemu ile jikoni, kwa Kiswahili. Aliniangalia, nami nikamwangalia, na hakusema neno, kama vile hakusema wakati wa fataki.

Mama akakaa vizuri. Mkono wake ukarudi mapajani. "Bas," alisema. "Ndivyo."

Nje tulisikia fimbo. Ilishuka ngazi moja, ikangoja, ikashuka ya pili. Bakuli la halwa tulilikuta kwenye benchi, na Mama akasema wapewe watoto wa jirani.

Ni miezi minne sasa. Manah si mbali, dakika ishirini kwa gari, na hajaja tena. Mwanawe ananiambia hasomi hata gazeti. Mama hamtaji. Binamu yangu anampigia kila Ijumaa baada ya sala, wanaitana kwa jina moja na kucheka. Hasira zangu zipo, sikuzimaliza, ila zimeacha kulala upande mmoja. Mara nyingine niko darasani naandika ubaoni, nauona ule mkono kwenye kiti.

Jana imeanza tamthilia nyingine ya Kithai. Mama alikaa mahali pake mapema, akapapasa kiti cha pembeni, kile cha Mjomba, akaniita.

"Njoo usome, mwanangu," alisema. "Alhamdulillahi, sasa nina msomaji asonidanganya."

Dada wa Jang'ombe alikuwa anamimina kahawa. Hakuinua macho. Nikakaa, nikasoma.